Mambo ya Kongo Yapite kwa Mkongo

Mwaka 2017 nilikuwa nasimamia duka la intaneti pale Bertrams, kusini kabisa mwa Afrika, mali ya mzee mmoja wa Lubumbashi tuliyemwita Papa. Duka lilikuwa na laini mbili: ya zamani, iliyokuja kwa antena kutoka kwenye paa la Mkongo mwenzake kule Hillbrow, na mpya ya faiba. Siku ya kuunganisha faiba, Papa alimwamuru fundi jambo moja.

"Bya Kongo bipite kwa Mukongo. Ule anajua njia."

Fundi hakubishana. Aliandika kama alivyoambiwa kwenye ruta, kisanduku kinachoichagulia intaneti njia.

Ruta haina akili, nami sijawahi kuidai. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikifika, inasoma anwani ya inakokwenda, kisha inatazama jedwali lake la njia. Mstari unaoitaja anwani hiyo kwa undani zaidi ndio unaoshinda. Isiyotajwa popote inapelekwa njia ya jumla, ambayo kwetu ilikuwa faiba. Nami huelekeza wageni vivyo hivyo: uliza fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, nitakufikisha mlangoni, uliza Wakongo, nitakuonyesha mtaa na Mungu akusaidie.

Fundi cherehani huyo, mama wa Kikongo, alishuka kila Jumamosi na mwanawe mdogo aliyezaliwa hapa. Alitaka mama yake kule Lubumbashi amwone mjukuu kwa video. Bibi alikuwa anapoteza macho, na hajawahi kumwona mtoto. Simu ilizunguka, ikazunguka, ikakatika. Wakati huohuo mimi naongea na dada yangu wa Tanga, namwona mpaka punje za wali shavuni.

"Nyie Watanzania munajipendeleaka," aliniambia.

Iliniuma. Nikanuna Jumamosi mbili tatu, na kununa nakujua. Halafu nikachoka kusingiziwa, nikafungua jedwali la ruta. Anwani za Kongo zote zilitajwa, zote zimeelekezwa kwenye antena. Taa ya antena ilikuwa kijani kibichi. Ila mawimbi yalifika kwenye paa la Hillbrow yakaishia hapo, mbele hakuna kitu. Ruta ikiona taa inawaka, kwake njia ni nzima. Yanayotokea baada ya paa hayaihusu.

Nilimwambia Papa tufute ile mistari.

"Nikitosha, ataniona aje?" Kutosha, kwao, ni kutoa. Akampigia mwenzake wa Hillbrow kwanza, kumtaka radhi. Hakupatikana. Akapiga tena, hakupatikana. "Tosha," alisema, kwa sauti ya msibani.

Jumamosi iliyofuata simu ilishika mara moja. Picha ilikuwa safi kabisa. Skrini nzima ilijaa sikio, na hereni ndogo.

"Mama, tosha simu ku sikio. Ni video."

"Ya nini, mwanangu? Macho ilishakwisha. Sema tu, nakusikia muzuri."

Mimi nilimchukia Papa, nikaichukia ruta, nikaona haya kuichukia ruta. Kisha fundi cherehani akamsogeza mwanawe mbele ya simu. Mtoto anajua Kizulu na Kiingereza, basi.

"Gogo," alisema mtoto, yaani bibi kwa Kizulu.

"Gogo njo nini?"

"Njo kambo, mama. Anakuita."

Bibi akaikandamiza simu zaidi sikioni, mpaka skrini yetu ikawa nyeusi.