Chokaa Kabla ya Mwaka

Belmira alianza kupaka chokaa akiwa na miaka kumi na mmoja, nyuma ya mama yake, Felismina, aliyekuwa akimwambia: mkono ukichoka, badili mkono, usiache ukuta. Alipofikisha sitini na mbili alikuwa amepaka kila nyumba iliyo ndani ya ngome ya Montalvar, nyingine mara hamsini. Macho yake yalikuwa mekundu daima na kucha zake zimeliwa na chokaa. Hakuolewa. Watu walikuwa na utani wao kwamba Belmira amezivisha shela nyumba zote za mji, akajisahau mwenyewe. Naye alicheka pamoja nao, maana ulikuwa utani wa zamani na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kila kiangazi, kabla ya sikukuu ya Bikira Maria katikati ya Agosti, kuta zote zilipakwa upya. Nyumba iliyoachwa ni ile tu yenye kifo kisichotimiza mwaka. Hiyo hubaki na madoa yake na michirizi yake ya mvua. Marehemu hurudi mara kwa mara katika mwaka ule wa kwanza, na huitambua nyumba yake kwa madoa, kama kipofu atambuavyo mlango kwa kupapasa. Mwaka ukitimia, anatulia, na burashi inapita.

Felismina alikuwa amekufa tarehe ishirini na tisa Agosti.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Julai, Adérito alipiga simu. Huyu alikuwa mdogo wake Belmira, mjenzi huko Ufaransa kwa miaka thelathini na miwili, aliyekuja nyumbani kila Agosti. Safari hii anakuja na wakwe, wazazi wa kijana anayemwoa binti yake, na watalala nyumba ya mama. Alitaka ipakwe chokaa. Belmira akakataa. Adérito akapiga tena, naye akakataa tena. Mara ya tatu Adérito hakugomba, alisema kwa upole tu:

“Dada, ni wiki mbili. Mama hakuwa mtu wa kuhesabu siku. Basi, kama haiwezekani, tutalala hotelini, na mwaka ujao tutaona.”

Hilo la mwaka ujao ndilo lililomchoma, kana kwamba huenda asije tena. Mama alikuwa amekwisha kufa, na hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita dada. Siku ile ile akaimwagia maji chokaa mbichi, ikachemka na kufuka moshi ndani ya pipa.

Jumatatu ya wiki ya sikukuu akaipaka. Kando ya mlango palikuwa na doa jeusi, pale mama alipokuwa akiegemea kiganja kila jioni akivua viatu. Belmira alisimama mbele yake kitambo. Kisha akalipaka mara tatu, kwa sababu mara mbili bado lilikuwa linaonekana.

Jumanne, saa nane mchana, jua lilipowafungia watu wote ndani, alikuwa amelala kwake, mwisho wa juu wa barabara, aliposikia kandambili kwenye mawe. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburutwa. Ndivyo Felismina alivyotembea tangu avunjike nyonga. Hatua zilishuka mpaka chini, kwenye nyumba ya mama, zikasimama, zikakaa kimya muda mrefu. Halafu zikaanza kupanda tena.

Kesho yake jirani, Bi Capitolina, mjane wa mwoka mikate, alimsubiri kisimani. Alimweleza kwamba jana mtu alipapasa mlango wake saa ya joto. Alidhani ni watalii, maana hao husukuma mlango wowote wakidhani mji mzima ni makumbusho.

“Lakini mtalii hakohoi kama mama yako,” alisema. Akamtazama Belmira bila hasira. “Umeifuta nyumba yake, mwanangu. Sasa ataingia wapi?”

Alhamisi ilipapaswa milango miwili, Ijumaa mitatu. Watu walianza kulala mchana wakiwa wameegemeza viti kwenye milango. Hakuna aliyemtukana Belmira. Walimsalimu tu kwa sauti ya chini, kama wamsalimuvyo mfiwa, na hilo lilikuwa zito kuliko tusi. Usiku hakupata lepe la usingizi. Alimwona akilini mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani, akizunguka mlango kwa mlango kama ombaomba, na wiki mbili zikiisha ameshapotea kabisa.

Wageni walifika Ijumaa ile jioni. Wakwe waliupiga picha ukuta. Mezani, juu ya dagaa wa kuchoma, Belmira akamweleza mdogo wake yote. Adérito akacheka.

“Nimejenga maghorofa ishirini kule, dada. Hakuna maiti aliyeniuliza habari ya rangi.”

“Kule si kwao,” alisema Belmira.

Jumamosi mchana Adérito alilala chumba cha mama. Jioni hakula. Mkewe alipomuuliza, alijibu kwamba joto limemzidi. Ila alimvuta dada yake pembeni, akamwambia, bila kumtazama usoni, kwamba kuna mkono ulipita ukutani kwa nje, taratibu, kutoka pembeni mpaka mlangoni, ukauruka mlango, ukaenda zake. Akaingia ndani kabla hajajibiwa.

Jumapili, siku ya sikukuu yenyewe, maandamano yalipokwisha na watu wamejifungia, hatua zilisimama mlangoni kwa Belmira. Kitasa kikapapaswa. Montalvar mlango wa namna hiyo haufunguliwi. Tangu utotoni mtu hufundishwa kunyamaza mpaka wafu wapite. Belmira akapiga moyo konde, akafungua.

Hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, bila kivuli. Ila kizingitini palikuwa na ubaridi, kama pumzi ya pishi.

“Ni mimi, mama,” alisema. “Nimekosa. Njoo nikupeleke.”

Akakunja mkono, kama mtu amkunjiavyo mzee ili aushike. Baada ya kitambo uzito ukaja juu yake, mwepesi, uzito wa mama wa miezi ile ya mwisho. Wakashuka polepole. Alisikia hatua zake mwenyewe, na zile nyingine, mmoja unakanyaga, mwingine unaburutwa. Nyuma ya madirisha ya mbao watu walitazama.

Chini, mlango wa nyumba nyeupe ulikuwa wazi. Adérito alisimama hapo na fulana, miguu mitupu, ameushikilia. Aliutazama mkono wa dada yake uliokunjwa, akasogea kando, akaingiza tumbo ndani ili njia itoshe watu wawili.

Belmira akaingia. Adérito hakufunga. Alingoja, ameinamisha kichwa, kwa muda ambao mtu mwenye nyonga mbovu huutumia.

“Angalia ngazi, mama,” alisema. Kisha akaufunga mlango taratibu.