Askari aliniambia "futa", nikafuta dirisha

Leo nimeambiwa futa, nikafuta kitu kingine.

Tumemaliza kupaka rangi ndani ya stesheni ya treni ya Nakuru. Mama yuko Busia na macho yanamwisha. Aliniomba picha ya lile dirisha ambapo marehemu baba alikuwa akiuza tikiti.

Nikapiga moja tu. Askari wa mlangoni akaja nyuma yangu.

"Boss, futa hiyo."

Nikatoa kitambaa, nikaanza kusugua kioo. Nilidhani nimekichafua na rangi.

Akacheka sana. "Mzee, nasema picha. Hairuhusiwi humu."

Alisimama hapo hadi ikatoka kwa simu kabisa.

Kesho hatuna kazi pale tena.

Dirisha nimeliacha liking'aa. Mama amepiga mara mbili, sijashika. Nyinyi mngemwambia nini?