Balozi na Malkia wa Kopa

Kutazamia kwa karata nilifundishwa na bibi mmoja wa Kihindi, mama yake mwenye duka la vitambaa pale Tabora mjini. Mimi nilikuwa nikiwashonea mashati ya kuuza, na kila nilipopeleka kazi alinikalisha barazani, akapanga karata zake, akanielekeza: kopa ni mapenzi, uru ni mali, shupaza ni mashaka. Alipohamia Mwanza kwa binti yake aliniachia zile karata. Moja ilikuwa imepotea, na mahali pake aliweka kipande cha boksi la sigara.

Nyumbani kwangu Kitete majirani walianza kuja kwa mzaha, baadaye wakaja kweli kweli. Walileta karanga, asali, mara nyingine kipande cha sabuni, maana siku zile sabuni ilikuwa adimu. Kusema kweli kazi kubwa ilifanywa na masikio yangu. Mtu akiulizia safari huku sauti inamfifia, huhitaji karata kujua kwamba hataki kwenda.

Ndivyo alivyokuwa jirani yangu mjane, mpika vitumbua. Alikuja kuuliza kama auze vyombo vyake ahamie Kigoma kwa dada yake. Nikamwambia karata zinasema angoje kidogo.

Kabla wiki haijaisha akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Naye alikuwa amefiwa na mke, mtu mnyoofu, shati la chama limepigwa pasi hata mikunjo inakata.

“Mama, nimesikia hapa panapigwa ramli,” alisema. “Hayo ni mambo ya kurudisha taifa nyuma.”

“Tunacheza karata tu, balozi.”

“Basi zipange nizione. Siwezi kupiga marufuku kitu nisichokijua.”

Nikazipanga. Alizitazama moja moja, kisha akaweka kidole juu ya malkia wa kopa. “Huyu mama mwekundu,” akauliza polepole, “anaweza kuwa mpika vitumbua?”

Nilijikaza nisicheke. Siri ya Kigoma haikuwa yangu kuitoa, kwa hiyo nilisema, “Anaweza. Lakini karata zinataka ufanye haraka.”

“Kabla ya mkutano wa Jumamosi au baada?”

“Leo, balozi!”

Akatoka mbio. Muda si mrefu akarudi amenywea. Kumbe mjane alipoliona lile shati alidhani ni ukaguzi wa usafi, akampeleka moja kwa moja chooni.

“Ukafanya nini?”

“Nikakikagua. Ni choo kizuri sana, mama. Nikampongeza, nikaondoka.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipopata pumzi nikamwambia arudi kesho, avae shati la kawaida, anunue vitumbua kama watu wengine. Yaliyofuata alinisimulia mjane mwenyewe. Balozi alikula, akaongeza, akala tena, hata mjane akachoka kungoja.

“Balozi, choo ulishakiona,” akamwuliza. “Leo umekuja kuona nini?”

“Mwenye choo,” akajibu.

Mjane akaacha upawa ndani ya mafuta. Aliniambia hajawahi kusikia maneno matamu namna ile, na kwamba vitumbua vya mkupuo ule viliungua vyote.

Dada yake ndiye aliyepanda treni kutoka Kigoma, akaja kwenye harusi. Tulikula pilau, tukaimba, bwana harusi akatoa hotuba ndefu kuhusu kilimo cha pamoja kule Ntalikwa.

Katika mkutano uliofuata wa mtaa balozi alisimama akasema kupiga ramli ni adui wa maendeleo na mtu yeyote asionekane akifanya kitu hicho mtaani kwetu. Watu wote waligeuka kunitazama. Nami nikapiga makofi kuliko wote, na mkewe, aliyekaa pembeni yangu, akajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Tangu siku hiyo wateja wangu walipita mlango wa uani, na mara moja moja balozi mwenyewe alikuwa miongoni mwao.