Gia ya Nne Kupanda Riat

Watu bado wanakuja hapa Otonglo na pikipiki zao wakitaka niwapimie nguvu kule mlimani. Nawaambia sipimi. Kutengeneza natengeneza: kabureta nitafungua, ringi nitabadilisha, sailensa nitaichoma moto mpaka masizi yote yaishe. Lakini kupima, nenda Nairobi. Huko kuna mashine. Unapandisha gurudumu la nyuma kwenye roli, lile pipa la chuma linalozunguka, unavuta mafuta, na karatasi inatoka na hosipawa zako zote. Mimi sina roli. Nilikuwa na mlima na nilikuwa na mke, na sasa nimebaki na mlima.

Nieleze vizuri, maana wengi hawazijui hizi injini. Pikipiki za boda za siku hizi ni za mipigo minne, zinaenda taratibu kama cherehani. Zangu mimi ni zile za zamani za mipigo miwili, ambazo oili unaichanganya humo humo ndani ya petroli, zinatoa moshi wa samawati na kelele ambayo majirani hawaipendi. Zimebaki chache. Wanazo wazee waliozizoea, na jamaa wachache wanaoshindana kwenye matope. Uzuri wake ni kwamba ndani hakuna vitu vingi. Silinda ina matundu ubavuni, pistoni inapita inayafunika na kuyafunua, basi. Lile tundu la kutolea moshi ukilipandisha kwa tupa, kidogo tu, unene wa ukucha, injini inapata tabia nyingine kabisa. Ukizidisha, silinda umeitupa. Hata ekzosi yake, lile bomba la moshi, ina siri: tumbo likinenepa mahali panapofaa, pumzi inarudishwa ndani na injini inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Hayo sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la nne, na nyumba yangu ya matofali nimeijenga kwa spana.

Sasa, utajuaje kama umeongeza nguvu au umeongeza kelele? Hapo mafundi wengi wanadanganya. Sauti ikiwa kali mteja anafurahi, anaondoka. Mimi ujinga huo niliukataa tangu nikiwa kijana. Nilikuwa napima hivi. Chini ya mlima wa Riat, pale kwenye kalvati maji yanapopita chini ya barabara, naingia na gia ya nne, mafuta nimevuta mpaka mwisho, na gia sishushi. Injini inapanda, inapanda, halafu inaanza kuchoka, inatetemeka, inagonga. Pale inaposhindwa kabisa ndipo nguvu zake zinapoishia. Injini mbovu inafia kwenye kibao cha kanisa. Ya kawaida inafika kwenye kona ya mikaratusi. Iliyo nzuri sana inafika pale kina mama wanapoponda kokoto. Juu kabisa, kwenye tambarare, siku hizo hakuna iliyokuwa imewahi kufika na gia ya nne ikiwa na mzigo wangu.

Mzigo wangu alikuwa mke wangu. Usicheke. Mzigo wa kupimia haufai kubadilika, ukibadilika unajidanganya mwenyewe. Gunia la mchanga linalala upande ukifika kwenye kona, tena likinyeshewa linakuwa zito. Yeye alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na tangu tupate mtoto wa mwisho hakuongezeka wala hakupungua. Gauni alilovaa akiwa mama kijana alilivaa akiwa nyanya. Alikuwa anauza samaki wa kukaanga hapo sokoni. Nikimaliza injini namwita, anafunika karai, anavaa sweta yake ya kijani kwa sababu ya upepo, anakaa nyuma upande upande, mkono mmoja ameshika kiuno changu. Injini ikishindwa, ananigonga mgongoni. "Hapo!" Yeye ndiye aliyekuwa anaweka alama, kwa sababu mimi ningejipendelea.

Jamaa mmoja wa Manyatta, mmoja wa wale wa matope, alimkuta siku moja anapanda pikipiki. Huyo jamaa ni mtu wa maneno mengi.

"Mzee, kwani hii ndiyo mashine yako ya kupimia?"

Mke wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Hiyo ya Nairobi inaweza kukukaangia mbuta?"

"Hapana, Mama."

"Basi nyamaza, ununue samaki."

Akanunua, tena mkubwa.

Baadaye nikaanza kuishughulikia pikipiki yangu mwenyewe. Za wateja nilikuwa nazifanya kwa kiasi, lakini yangu nilitaka nione mwisho wake. Nikapandisha lile tundu la moshi kwa tupa, tukaenda Riat, tukapita kona ya mikaratusi. Hatukuwahi kuipita na hiyo pikipiki. Nikakata bati nene nikatengeneza ekzosi mpya kwa mkono wangu, nikaichomelea, tukaenda tena. Tukafika kwenye kokoto. Wale kina mama wakasimama na nyundo zao. "Yawa! Leo hamjafa?" Nikabadilisha jeti ya kabureta, nikasoma plagi mpaka ikawa na rangi ya mandazi yaliyoiva, na safari hiyo tukawapita kina mama wenyewe.

Nilijisifu. Kila aliyepita hapa kwenye kibanda nilimwonyesha ile ekzosi. Mke wangu naye alikuwa ananichochea. Alikuwa ananiita Jaduong', yaani mzee, hata tulipokuwa vijana. "Jaduong', mwaka huu utafika juu," ananiambia. "Ongeza kidogo tu."

Siku hizo alikuwa amesema harufu ya mafuta ya samaki imemchosha, jioni anataka uji peke yake. Nikasema sawa. Alikuwa anavaa sweta mbili. Kisumu hii, yenye jua la kupasua mawe, mtu anavaa sweta mbili na mimi nasema sawa, ni umri.

Halafu mzee mmoja kutoka Sondu akaleta pikipiki yake. Alikuja nayo juu ya pikapu, maana yenyewe isingefika. Ringi zimekwisha. Ukikanyaga kiki mguu unazama kama kwenye tope, hakuna kinachokuzuia. Moshi ndio usiseme. Lakini utaratibu wangu ni kupima kabla sijafungua chochote, ili mwenye mali aone tofauti. Nikamwita mke wangu, tukaenda. Nilitegemea ifie kwenye kibao cha kanisa, na labda isifike hata hapo.

Kibao cha kanisa tukakipita.

Kona ya mikaratusi tukaipita.

Ilikuja kufa karibu na kokoto, na mkono ukanigonga mgongoni. "Hapo," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikaiegesha pembeni, nikashuka, nikaitazama ile injini kama mtu aliyenitukana. Nikafungua plagi: nyeusi, imelowa oili, injini inazama kwenye mafuta yake yenyewe. Nikakanyaga kiki tena: hakuna kitu. Injini ni mbovu vilevile. Kuigusa sijaigusa. Upepo hakuna, mikaratusi imesimama kimya. Mlima haukuinama. Fundi anakagua kimoja kimoja, na nilipomaliza kukagua kilibaki kitu kimoja ambacho sijawahi kukikagua hata mara moja.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kando ya barabara, ameshika sweta kifuani. Jua lilikuwa limempiga shingoni, na hiyo shingo sikuitambua.

"Vua sweta, Mama."

"Baba, hapa barabarani?"

"Vua."

Akavua. Chini yake kulikuwa na nyingine, na chini ya hiyo alikuwa amejizungushia leso, amezikunja nene tumboni na kiunoni. Alipozitoa akabaki mtu ambaye ningeweza kumnyanyua kwa mkono mmoja. Akakaa juu ya jiwe.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupita kona."

Nilisimama na plagi mkononi, ikanichafua oili yote, nikawa sijui niiweke wapi.

"Chakula kinakwama hapa," akasema, akigusa kifua. "Kwanza ilikuwa ugali. Sasa hata uji mpaka niubembeleze."

"Na hukuniambia."

"Ungeweka tupa chini."

"Ningeiweka, ndiyo! Wewe ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka ufike juu. Miaka yote hiyo mimi ndiye nakuzuia, Jaduong'. Nikasema angalau wakati huu twende mpaka juu, nipaone."

Nilimpigia kelele. Pale barabarani, mtu mzima, nilimpigia kelele mpaka kina mama wakaacha kuponda kokoto wakatutazama. Mmoja akaja na kikombe cha maji, akampa yeye, mimi hakunitazama hata machoni.

Tulienda hospitali kubwa. Daktari alikuwa msichana mwenye adabu, akatukalisha, akasema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula na umekwenda mbali. Mimi nimezibua mabomba maisha yangu yote. Nikamuuliza kwa nini hawazibui. Akachora kwenye karatasi, akanieleza polepole, na nikaelewa. Afadhali nisingeelewa. Wakamwekea mpira wa kupitishia uji na maziwa, wakaturudisha nyumbani.

Karai lake la samaki akampa jirani. Akawa anakaa hapa kibandani kwenye kiti cha gari nilichokiegemeza ukutani, ananitazama nikifanya kazi, anawasuta wateja wanaobishana bei. Asubuhi moja akasema, "Nipeleke Riat."

"Utaanguka."

"Nifunge na leso kama mtoto. Au unaogopa utafika juu?"

Nikamfunga. Leso mbili, kutoka kwake mpaka kwangu, fundo mbele ya tumbo langu. Tulipoingia kwenye kalvati na gia ya nne nilijua mara moja. Injini haikuwa inavuta kitu. Ilikuwa inaimba tu, haiulizi chochote, kama niko peke yangu. Kibao cha kanisa hakikuisumbua. Na mikaratusi ilipotokea, pale injini ilipokuwa inatufia alipokuwa mnene, anacheka, ananipiga mgongo kwa kiganja kizima, mkono wangu ukarudisha mafuta. Kidogo kidogo. Injini ikaanza kutetemeka, ikagonga, ikashindwa.

Nilisubiri. Halafu nikasikia kidole mgongoni.

"Hapo," akasema. Kisha akasema, "Umepunguza mafuta."

"Sijapunguza."

"Baba. Mimi nimekaa hapa nyuma miaka mingapi?"

Nikawasha injini tena.

"Geuza. Rudi kwenye kalvati. Kipimo ni kipimo."

Nikageuza, tukashuka, tukaanza upya, na safari hii nilivuta mafuta mpaka mwisho na sikurudisha. Tukaipita mikaratusi. Kina mama wa kokoto walimwona alivyofungwa, wakajua. Mmoja akaanza kupiga kigelegele na wenzake wakamfuata, lakini hakikuwa kigelegele cha harusi. Tukawapita. Mlima ukawa mkali pale mwisho, mahali ambapo sikuwahi kupajua kwa gia ya nne, na injini ikaupanda tu. Njia nzima nilikuwa nimekaza mgongo nasubiri mkono wake. Haukuja. Tukatokea kwenye tambarare, ziwa lote liko chini yetu, na nilipozima injini nikamsikia anahema shingoni mwangu.

"Kumbe hapa juu ni pa kawaida tu," akasema. Akaomba turudi nyumbani kabla jua halijapanda.

Tulimzika mvua ndefu zilipokuwa zinaanza. Yule jamaa wa Manyatta alikuja matangani, akabeba viti, akachinja, akafanya kazi kuliko watu wa ukoo. Watu walipokwisha kutawanyika akanijia hapa kibandani, akaizunguka pikipiki yangu, akaipapasa ekzosi.

"Mzee, hii kitu nipe niipeleke Nairobi, niiweke kwenye roli. Gharama ni yangu. Tujue ina hosipawa ngapi kweli."

Nilimwelewa. Alitaka kunipa heshima, na ile mashine haidanganyi. Ingeniambia tupa yangu na bati langu viliongeza nguvu kiasi gani. Halafu mimi mwenyewe ningeitoa hiyo kwenye urefu wote tuliopanda, na kinachobaki ni mke wangu alivyokuwa akipungua nyuma yangu, safari kwa safari, nami nikishangilia.

"Iache hapo," nikamwambia.

"Mzee, unaogopa itakuaibisha?"

Nikachukua spana nikarudi kwenye kazi. Anadhani hivyo mpaka leo, na amewaambia wenzake. Waendelee kudhani.