Chokaa ya Msikiti wa Kale

Hadi leo nikipewa kipande cha chaki nitakuchorea nyumba ya watawa ambayo sijapata kuiona. Kanisa kaskazini, ua wa mraba katikati, bwalo kusini, na ngazi ya kuwashusha watawa kutoka vitandani mpaka kwenye sala ya usiku. Walikuwa Wasistersiani, Wakatoliki wa Ulaya ya kale, wavaa kanzu nyeupe waliokataa nakshi na dhahabu kanisani. Uhuru tulikuwa tumeshaupata, bendera inapepea uwanjani, na sisi watoto wa Msambweni tunakaririshwa watawa hao kama Alhamdu.

Kusema kweli niliwapenda. Karibu na mlango wa bwalo lao palikuwa na birika la kunawia, na birika kama hilo nililijua. Lilikuwa kwenye gofu la msikiti wa kale nyuma ya shamba letu, pamoja na mawe ya kusugulia miguu na kibla kisicho na pambo lolote. Mama akienda huko kila Alhamisi na ubani, maana wazee wake wamezikwa ubavuni mwa msikiti huo.

Siku mwalimu wetu wa historia aliposimulia mwisho wa watawa, sauti ilimkatika. Mfalme aliwafukuza, akasema, na majirani wakayabeba mawe ya kanisa wakajengea mabanda ya nguruwe. Aliwaita watu wasiojua thamani ya kwao.

Nyani haoni kundule. Wiki hiyohiyo lori lilikuwa likiyabeba mawe ya msikiti wetu kwenda kuchomwa kwenye tanuri la chokaa. Mama alikwenda kulalamika kwa chifu, akajibiwa kwamba gofu halina mwenyewe. Basi nikainua mkono, nikamwomba mwalimu akatusemee, kwa kuwa yeye angesikilizwa.

“Lile si historia,” alinijibu. “Halimo kitabuni.”

Nilikasirika, na hasira ile sijaimeza mpaka sasa. Jiwe la Ulaya lililiwe, la kwetu lichomwe! Akanirudisha kwenye ramani ya nyumba ya watawa, nami nikachora.

Hazikupita siku nyingi lori likawa halina tena cha kubeba. Shule nayo ikapakwa chokaa mpya kutoka tanuri lilelile, tayari kwa siku ya wazazi. Mama alikuja, akazitazama zile kuta nyeupe, kisha akavua ndara zake mlangoni. Mwalimu akamwambia hapana haja, wazazi wote wanaingia na viatu.

“Msikiti wetu mmeupaka ukutani, mwalimu,” Mama alisema, akaingia peku.