Mkaguzi Asiyevua Koti

Kila Julai, watoto wa Kihispania wakija hapa Ennis kujifunza Kiingereza, mkaguzi wa shule yao hupita nyumba zetu sisi tunaowapa vyumba. Koti lake la mvua halivui hata jua likiwaka. Haketi. Chai haonji. Husimama tu jikoni, akabonyeza mkate kwa kidole, akanusa sufuria, akaguna “mm” kama ng'ombe aliyeshiba. Vidole vyake laini havijawahi kumenya kiazi, na hilo nasema mimi niliyemenya magunia.

Ijumaa alikuja kumhamisha Nuria wangu, binti wa Kihispania wa miaka kumi na sita anayekaa kwangu. “Usikasirike, Bibi Hanrahan,” akasema, sanduku la mtoto kalishika tayari. “Anahitaji nyumba yenye vijana. Kwako atajifunza Kiingereza gani?” Nikamwambia, “Muulize, mdomo anao.” Akamgeukia. “Nuria, hujambo?” Nuria akajishika kiuno, akajibu kwa Kiingereza cha hapa hapa Ennis. “Tupo tupo tu, mwanangu. Magoti haya! Mvua inakuja, nayasikia. Na marehemu Packie hakulitengeneza lile bomba mpaka anakufa.” Packie ni mume wangu, kafa Nuria hajazaliwa. “Hebu keti, we mwana,” Nuria akamkaripia mkaguzi, “ukisimama hivyo nyumba inaonekana haijafagiliwa.” Akaketi! Koti akavua. Chai akanywa, mkate akala, kisha sanduku akalirudisha chumbani mwenyewe. Alipoondoka, Nuria akatikisa kichwa dirishani. “Kakonda, maskini. Sijui nani anampikia.”