Somo Langu la Pamba Fifi

Mimi ni karani wa ghala la pamba huku Kasoli, na ugonjwa wangu ni kufundisha watu. Wiki iliyopita Mama Minza alileta pamba yake. Nje, penye mzani, palikuwa na kelele, nami nilitaka aelewe vizuri, nikampeleka ndani chini ya globu yetu ya zamani.

“Mayu, mama yangu, unaiona hii njano? Hii ni fifi, daraja la pili, bei yake ndogo. Usivunjike moyo, mwakani utaweza.”

“Nimeichambua kwa mikono yangu, mwanangu. Ni safi.”

Nikampigapiga begani kwa huruma, mjinga mimi, nikaiweka kwenye fifi.

Jana fundi alifunga taa za LED, zile zinazokula umeme kidogo. Nikawaita wanachama wote wa ushirika wetu, nikainua pamba ya Mama Minza mkono mmoja na pamba safi mkono wa pili.

“Nani atanionyesha fifi ni ipi?”

Wakatazama mkono huu, wakatazama ule. Nikatazama mwenyewe. Zote nyeupe pepepe.

“Tuonyeshe wewe, mwalimu,” alisema Mama Minza. “Ile njano imekwenda wapi?”

Fundi, bado juu ya ngazi, akainua globu aliyoifungua.

“Iko huku, karani.”